Kitabu Kimesema Bado

Mkaguzi wa mvua alijumlisha mara mbili, kwanza kwa kalamu kisha kwa simu, na mara zote mbili akapata sabini na tisa.

"Thelathini na nane, na arobaini na moja," alisema. "Milimita sabini na tisa kwa siku mbili. Na kiwango chenu cha kupiga chuma ni ngapi?"

"Mia," alijibu Mama Mvua.

"Basi hukuwa na sababu ya kupiga. Kitabu chako kiko safi, mama."

Mama Mvua alifurahi. Afadhali tuliseme hili mapema, maana wako watakaotaka kumpamba. Alifurahi mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Halafu akamkumbuka mke wa Tofali mfyatua matofali na binti yake wa miaka minne, waliofukuliwa kwenye tope la mlima siku sita zilizopita wakiwa wameshikana, akaiachia nguzo.

Walikuwa wanne hapo mbele ya duka. Mkaguzi aliketi juu ya kreti la soda, kitabu cha mvua magotini. Mwenyekiti wa kitongoji alisimama karibu naye, mikono nyuma. Mume wa Mama Mvua, ambaye kila mtu alimwita Bwana Robo kwa sababu aliuza kila kitu kwa robo, alikuwa ndani ya duka akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Kitabu kilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Alikianzisha baba yake Robo, na alipokufa kikamwangukia mkwewe, kwa kuwa mwanawe hakuwa mtu wa kuamka kwa ajili ya mvua. Kila siku saa tatu asubuhi Mama Mvua aliinua faneli ya bati pale uwanjani, akatoa chupa iliyokuwa chini yake, akayamimina maji kwenye gilasi ya kupimia yenye mistari, akaandika. Alipata posho kidogo na heshima nyingi. Ikifika mia kwa siku mbili, apige chuma cha reli kilichoning'inia kwenye kona ya duka, na wote wanaokaa chini ya mlima wakimbilie shuleni.

"Hebu niione gilasi," alisema mkaguzi.

"Imeoshwa," alidakia Bwana Robo kutoka ndani. "Inakauka."

Mama Mvua alitazama chini. Mkaguzi naye alikuwa na safari ndefu ya kurudi, na chai ilikuwa imeshaletwa. "Haidhuru," alisema. Alifungua mkoba, akatoa boksi, akafunua magazeti. "Ofisi imetoa gilasi mpya kwa vituo vyote. Hii hapa. Ya zamani mtairudisha siku nyingine." Aliiweka mikononi mwa Mama Mvua, nyembamba na safi, mistari yake myeupe kutoka moja hadi kumi.

"Sasa," aliendelea, "kama si mvua, mlima umeshushwa na nini?"

"Shimo," alisema mwenyekiti. "Tofali amechimba udongo wa matofali pale kwenye mguu wa mlima, hatua nane kwenda ndani. Nilimwonya mara ngapi!"

Hakumwonya hata mara moja. Nyumba ya mwenyekiti mwenyewe ilijengwa kwa matofali elfu mbili ya shimo lile, na alipunguziwa bei.

"Basi nitaandika uchimbaji," alisema mkaguzi. "Lakini ajue, mtu aliyejiletea maafa mwenyewe hapati bati wala saruji za msaada. Jumamosi fanyeni mkutano, mama aandike mstari kwenye ukurasa wa maafa, wote mtie sahihi. Nitakuja na muhuri."

Akanywa chai yake yote, akashukuru, akaenda.

*

"Umemwambia inakauka," alisema Mama Mvua walipobaki wawili jikoni.

"Ulitaka nimwambie imekufa?"

Maana gilasi ya zamani ilikuwa imekufa tangu miezi mitatu nyuma, na aliyeiua ni yeye Robo. Wateja wa mafuta ya taa walikuwa wakimshuku kwamba anawapunja, na kweli alikuwa akiwapunja, si sana. Basi siku moja akapata akili. Akachukua gilasi ya mvua, akaiweka mezani, akaanza kupimia mafuta kwa hiyo. "Kipimo cha serikali hiki," aliwaambia. "Kama una ubishi, kabishane na serikali." Biashara ikachangamka. Mkewe alinuna, akawa anaiosha kwa majivu kila asubuhi kabla ya kupimia mvua. Mpaka siku ile ilipomponyoka Robo mikononi, ikiwa na mafuta, ikaanguka sakafuni.

Hawakutaka ofisi ijue. Posho ingekatwa, na wangeulizwa gilasi ya mvua ilifuata nini kwenye mafuta ya taa. Robo akatafuta chupa ya asali, ya kioo, iliyonyooka. Akaokota kipande kikubwa cha gilasi iliyovunjika, akakisimamisha ubavuni mwa chupa, na kwa rangi ya kucha ya binti yao akanakili mstari kwa mstari, moja hadi kumi, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Kazi safi. Hata wewe ungeisifu.

"Lakini chupa hii ni nene," mkewe alimwambia siku ile.

"Mistari ni ileile. Nimepima mwenyewe."

Mama Mvua alikuwa mpishi wa shule. Kila siku alimimina uji kwenye vikombe vyembamba na vipana, akasikia watoto wa vikombe vipana wakilalamika kuwa wamepewa kidogo. Alijua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote, akanyamaza, kwa sababu ilikuwa kiangazi na mvua yenyewe ilikuwa hadithi.

Sasa aliiweka ile chupa ya asali mezani, na gilasi mpya kando yake. Akamimina maji kwenye chupa mpaka mstari wa kumi. Kisha akayahamishia kwenye gilasi. Gilasi ikajaa hadi kumi na chupa bado ina maji. Akaimwaga, akajaza tena. Kumi nyingine. Akaimwaga. Yaliyobaki yakafika mstari wa kwanza.

"Ishirini na moja," alisema. "Kumi ya kwako ni ishirini na moja."

Robo aliugusa mstari wa kumi kwa ukucha.

"Thelathini na nane ni themanini. Arobaini na moja ni themanini na sita." Alikuwa akiikisia hesabu hiyo kichwani kila siku tangu mazishi, bila kuwa na gilasi ya kumhakikishia. "Mia moja sitini na sita, baba watoto. Mkwe alituachia mia."

"Hatukujua."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini? Acha kujitafutia, mama watoto!"

"Sufuria ya shule niliisahau uwanjani, tupu. Asubuhi ile ya pili ilikuwa na maji vidole vinne. Mkwe alinifundisha, kidole kimoja ni ishirini. Vidole vinne ni themanini, na mimi nikaenda nikaandika arobaini na moja. Nikajiambia labda ni matone ya kutoka kwenye bati. Sufuria ilikuwa mbali na bati."

Robo alikaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alionekana mdogo kuliko nguo zake. "Kwa nini hukupiga?"

Hilo lilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la aibu. Miaka miwili nyuma kitabu kilifika mia na tatu, akapiga chuma. Watu walikimbia na magodoro vichwani, wakalala kwenye sakafu ya darasa siku mbili, na mlima haukudondosha hata kokoto. Fundi cherehani akarudi akakuta cherehani imeibwa. Kwa miezi mingi wakamwita Mama Kengele. Watoto walimpigia masufuria akipita. Mwenyekiti alimwambia mbele za watu, "Dada, chuma kile si ngoma ya harusi." Basi jioni ile ya pili alisimama chini ya chuma, nyundo mkononi, mvua ikimchapa mgongoni, akajiuliza, akipiga atasema kitabu kina ngapi? Sabini na tisa? Watamcheka. Na akiulizwa kwa nini haamini kitabu, ataitoa ile chupa ya asali?

Hapo ndipo Tofali alipopita, amejifunika turubai, anatoka kutazama tanuri lake. Akaiona nyundo.

"Dada, kitabu kinasemaje?"

Na yeye akamjibu, "Kimesema bado."

Tofali akaenda kulala. Alfajiri aliamka mapema kwenda kufunika matofali mabichi yasilowe, ndiyo maana yu hai. Aliusikia mlima ukija nyuma yake.

"Hayo ya jioni," alisema Robo taratibu, "nani mwingine anayajua?"

"Yeye na mimi."

"Basi yaache hapo. Sikiliza, mke wangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukisema, watafufuka? Utanyang'anywa kitabu, mimi hakuna atakayenunua kwangu hata kiberiti, na mtu mwenye msiba anaweza kukukata panga. Mkaguzi mwenyewe kasema uko safi. Wewe ni nani umbishie?"

Mama Mvua aliifuta gilasi mpya, akairudisha kwenye boksi lake. Kibaya zaidi ni kwamba kila neno alilosema mumewe alikuwa ameshajiambia mwenyewe, tena kwa ufasaha zaidi.

*

Ijumaa alimpelekea Tofali chakula. Walimweka kwenye darasa la pili, yeye na binti yake mkubwa, ambaye siku hiyo alikuwa kwa shangazi yake. Tofali alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, anakwangua matope kwenye kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali. Ndicho kitu pekee walichokifukua kikiwa kizima.

"Karibu, dada. Samahani, kiti hakuna."

"Nimekaa," alisema, akakaa kwenye dawati lingine. Wakawa kama wanafunzi wawili waliobakizwa darasani kwa kosa.

Tofali alitoka msibani bila kupewa mkono na shemeji zake, hilo Mama Mvua alilisikia kwa watu. Wateja wawili walikuja kudai arbuni zao, wakasema matofali yenye damu hawajengei. Mwanamke mmoja bombani alimwondolea ndoo kwenye foleni akaiweka mwisho, naye akaiacha ikae mwisho. Hayo Tofali hakuyasema. Alikula matonge matatu, akafunika sahani.

"Nasikia kesho utaandika," alisema.

"Ndiyo."

"Andika tu ni mimi, dada. Usinionee haya. Mwenyekiti ameniambia, mvua haikufika. Mimi sikusoma, lakini hesabu naielewa. Kama mvua haikufika, basi ni shimo." Aliendelea kukwangua. "Unajua kinachonila? Mke wangu alitaka tuondoke. Jioni ile. Alishafunga na nguo za mtoto. Akasema twende kwa dada yake, moyo wake umekataa. Nikamwambia wewe mwanamke unaogopa bure, nimetoka kumwuliza Mama Mvua mwenyewe, kitabu kimesema bado. Akafungua furushi akamvalisha mtoto za kulalia."

Mama Mvua alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi kabisa. Alichosema ni, "Kula basi, chakula kitapoa."

"Nimeshiba. Asante kwa kunikumbuka. Wengine wamenikimbia."

Mama Mvua alitoka na sahani yake, akaenda nyuma ya jiko la shule, akajifunika uso kwa kanga. Hakulia. Alijichukia kiasi kwamba machozi yenyewe yalimwonea haya.

*

Jumamosi watu walijaa mbele ya duka, kwa sababu kitabu hakitoki mbali na chuma; ndivyo marehemu mkwe alivyotaka. Jua lilikuwa kali kana kwamba mvua haijapata kuumbwa. Meza ilitolewa. Mkaguzi alikuwa na muhuri wake, mwenyekiti na koti. Wa ng'ambo ya bonde hawakuja; walisema wana palizi. Tofali alisimama mwisho kabisa, na kumzunguka palikuwa na nafasi ambayo angeweza kulala mtu.

Ilikuwa desturi kusoma kwanza ukurasa wa nyuma, ule wa maafa, kabla ya kuongeza mstari. Mama Mvua alisoma, na sauti ilikuwa yake ila maneno yalikuwa ya mkwewe.

"Nzige. Siku nne. Hatukubakiziwa jani. Sababu: upepo wa kaskazini. Mlima ulishuka mara ya kwanza. Watu sita. Mvua mia na kumi na nne kwa siku mbili. Sababu: mvua, na hatukuwa na chuma. Kimbunga kidogo. Bati za shule zilikutwa shambani kwa kinyozi. Hakufa mtu. Kinyozi alizirudisha baada ya kubembelezwa."

Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka hapo kila mara.

"Mto ulihama. Ng'ombe tisa. Sababu: tulikata miti ya ukingoni. Tulikata wote, na mimi nilikata miwili."

Hapo kidole chake kilibaki kwenye mstari. Mstari huo alikuwa ameusoma mara nyingi, lakini siku hiyo alisikia ule mwisho wake. Na mimi nilikata miwili.

"Haya, andika," alisema mwenyekiti. "Mlima ulishuka mara ya pili. Watu wawili. Mvua sabini na tisa. Sababu: uchimbaji wa mfyatua matofali."

Mama Mvua aliweka kalamu chini. Akaingia dukani, akampita mumewe aliyemshika mkono, akautoa mkono wake polepole bila ugomvi. Alirudi na chupa ya asali, gilasi mpya na jagi la maji.

"Hii ndiyo niliyopimia," alisema, akainua chupa. Mistari ya rangi ya kucha iling'aa kwa wekundu juani. "Gilasi ilivunjika. Tazameni wenyewe."

Akamimina mbele yao. Kumi, akamwaga. Kumi, akamwaga. Moja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Hawa ni watu walionunua mafuta kwa robo maisha yao yote, wanajua kupunjwa kukoje.

"Mvua haikuwa sabini na tisa. Ilikuwa mia moja sitini na sita. Nilikuwa na haki ya kupiga chuma, na nilijua, kwa sababu sufuria ilinionyesha. Sikupiga. Niliogopa mtanicheka."

"Mama," alisema mkaguzi, "mbona unajiharibia? Ripoti imeshaandikwa."

"Iandike upya."

"Gilasi nilivunja mimi!" Ilikuwa sauti ya Robo, kutoka nyuma ya meza ya duka. Alitoka nje akijipangusa mikono iliyokuwa mikavu. "Nilikuwa napimia mafuta ya taa. Na chupa hiyo niliichora mimi."

Kijana mmoja aliangua kicheko, kisha akakisikia kicheko chake mwenyewe, akakikata. Fundi cherehani alisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu." Mwenyekiti alianza kusema kwamba hata hivyo shimo lilikuwepo, nalo lilikuwepo kweli, lakini hakuna aliyemgeukia.

Mama Mvua alikuwa anamtazama Tofali. Aliongea naye peke yake, katikati ya watu wote wale.

"Uliniuliza. Nikakwambia bado. Kitabu hakikusema, nilisema mimi."

Tofali alikaza macho kwenye chupa. Basi Mama Mvua akaketi, akachukua kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti.

"Mlima ulishuka mara ya pili. Watu wawili. Mvua mia moja sitini na sita kwa siku mbili. Sababu: mvua, na shimo ambalo sote tumejengea nyumba zetu, na chuma hakikupigwa. Msoma mvua aliulizwa akasema bado."

Tofali alianza kutembea. Watu walimpisha. Robo alijiweka mbele ya mkewe, akijua ni lazima, mashavu yakimcheza. Lakini Tofali alimpita Robo, akaipita meza, akafika kwenye kona ya duka, akaitoa nyundo kwenye msumari wake.

Alipiga chuma mara moja. Kisha akapiga tena. Akapiga kama mtu anayefukua, kwa mikono miwili, bila mpangilio, mpaka mbwa wakaanza kubweka na wanawake wakaziba masikio. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mama Mvua aliliona koromeo lake likipanda na kushuka, lakini kama alikuwa analia au anataja majina, chuma kilikuwa kinafunika.

Ng'ambo ya bonde watu wakaanza kutoka majumbani, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa vikundi. Hawakuwa na habari ya mkutano wala ya chupa. Walisikia chuma, wakafanya walichofundishwa. Walikuja mbio, kwa njia ya shuleni inayopita dukani, chini ya jua lile kavu na magodoro vichwani, watoto mgongoni, mbuzi kwa kamba.

Wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja aliyembeba kuku kwapani. Aliyatazama mawingu yasiyokuwepo, akawatazama watu waliosimama kimya, akamtazama mwanamke mwenye kitabu mezani, kwa kuwa ndiye aliyezoea kumwuliza.

"Mwanangu," alisema akihema, "tumechelewa?"

Nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Ndiyo, mama," alisema Mama Mvua. "Tumechelewa."